Kiwanja cha Arauna

Somo: 2 Samweli 24, mstari wa 18 hadi mwisho wa sura



Siku hizi ni vigumu kupata jamaa katika parishi yetu isiyokuwa na mtu wake Dodoma. Huyu ana kijana aliyehamishwa na wizara, yule ana binti anayesoma Chuo Kikuu, na mwingine mumewe ni mwashi aliyekwenda kujenga Mtumba akaahidi kurudi Krismasi, nayo Krismasi ikapita. Baada ya Ibada, watu wakisimama nje kusalimiana, mazungumzo hayachukui muda kufika mahali pake: viwanja. Nani amepata, upande gani, kwa kiasi gani, na je, vimebaki? Tumewasikia hata wazee wa kanisa, mifuko ya sadaka ikiwa bado mikononi, wakiulizana habari za Nala na Ihumwa.

Basi tumeona vema mwezi huu tulitazame jambo hili kwa nuru ya Maandiko, kwa sababu Maandiko nayo yana habari ya kiwanja, tena kiwanja katika mji mkuu mpya, na mnunuzi wake alikuwa mfalme. Tunawaomba msome sura yenyewe nyumbani. Si ndefu.

Kwanza tukumbushane kwamba sisi Waanglikana wa Arusha hatuwezi kuitazama Dodoma kama mji wa kigeni. Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, na Askofu wake alikaa Dodoma. Dayosisi yetu ya Mount Kilimanjaro ilizaliwa kutoka kwake mwaka 1982. Kwa hiyo, zamani sana kabla wizara hazijafikiri kufunga mizigo, wazee wetu wakitaka jambo la Kanisa walielekeza macho Dodoma. Makasisi walisomea huko, barua za Askofu zilitoka huko. Na hata leo makao makuu ya Kanisa Anglikana la Tanzania yako huko huko. Yaani Serikali imetufuata sisi! (Tunasema hivi kwa mzaha, lakini si mzaha mtupu.)

Vijana wengi hudhani habari ya makao makuu ilianza mwaka 2016. Sivyo. Uamuzi ulifanywa na TANU mwaka 1973, baada ya matawi ya chama kuulizwa. Sababu zake zilikuwa njema. Dar es Salaam ilikuwa pembeni, mji uliokuzwa na watawala wa kigeni ambao macho yao yalikuwa baharini kutazama meli. Dodoma ilikuwa katikati, reli ya kati ikipita hapo tangu siku za Wajerumani, na barabara kuu ya kutoka kaskazini kwenda kusini ikiikata reli mahali hapo hapo. Taifa la wakulima, walisema, liwe na makao makuu yake kati ya wakulima. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliiita CDA, na mwaka 1976 kampuni moja ya Canada ikamaliza kuchora ramani kuu ya mji. Ramani ile ilikuwa na fikra nzuri: mji usiwe lundo la majumba marefu, bali jumuiya nyingi ndogo zilizoungana, mtu aweze kutembea kwa miguu au kupanda basi.

Ilidhaniwa miaka kumi ingetosha. Lakini mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 (sisi wa Arusha twakumbuka jinsi majengo yaliyojengwa kwa ajili yake yalivyobaki yakitafuta kazi nyingine), ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, kisha ile miaka ambayo sabuni ilipatikana kwa foleni. Kazi ikaenda kwa mwendo wa kinyonga. Bunge lilihamia mwaka 1996. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli, na mwezi wa Septemba Waziri Mkuu akahama. CDA ikavunjwa Mei 2017. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji, na mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia akaizindua Ikulu ya Chamwino.

Watu nao wakaongezeka. Katika sensa ya mwaka 2012 Arusha mjini ilikuwa na watu 416,442, na Dodoma mjini 410,956. Tuliwazidi kidogo. Katika sensa ya 2022 sisi tulikuwa 617,631, na wao 765,179. Na tangu mwaka 2018 barabara ya Babati na Kondoa ni ya lami hadi Dodoma. Wale waliosafiri zamani wanajua tofauti: ama uzunguke Moshi, Chalinze na Morogoro, ama uvumilie vumbi na matope ya Kondoa na kuomba Mungu gari lisikwame. Sasa mtu aweza kutoka Arusha alfajiri, akatazama kiwanja jioni, na kesho yake akawa amelipa.

Tugeuke sasa kwa Daudi. Alipotiwa mafuta na kabila zote hakubaki Hebroni, ingawa alikuwa ametawala hapo miaka saba na miezi sita. Hebroni ulikuwa mji wa Yuda, kabila lake mwenyewe, na watu wa kaskazini wangejiona wageni humo siku zote. Akautazama Yerusalemu. Mji huo ulikuwa mpakani mwa Yuda na Benyamini, wala haukuwa wa kabila lolote kati ya zile kumi na mbili. Hakuna ambaye angeweza kusema, mfalme amehamia kwetu, au mfalme amehamia kwao. Lilikuwa wazo la hekima, na wale waliotuchagulia Dodoma walifikiri vivyo hivyo. Hata Wanigeria, walipoamua mwaka 1976 kutoka Lagos kwenda Abuja, walitafuta mahali pa katikati ambapo makabila yao makubwa hayangeweza kupadai.

Lakini angalieni neno hili, ndugu. Tukisema mji haukuwa wa kabila lolote, twamaanisha haukuwa wa kabila lolote kati ya yetu sisi tunaozungumza. Yerusalemu ulikuwa na wenyewe. Walikuwapo Wayebusi, walikuwa na mashamba, na ng'ombe, na mahali pa kupuria ngano yao. Abuja walikuwapo Wagbagyi, na hadi leo malalamiko yao juu ya ardhi hayajaisha. Na Dodoma? Ni mara ngapi tumesikia, na pengine kusema wenyewe, kwamba Dodoma ilikuwa nyika tupu, ukame na miiba na mbuyu mmoja mmoja? Tupu kwa nani? Mgogo aliyekuwa na tembe yake, zizi lake na shamba lake la uwele hakujua kwamba yeye ni utupu.

Arauna alikuwa Myebusi. Tauni imeua watu sabini elfu, na malaika amesimama karibu na kiwanja chake cha kupuria. Nabii Gadi akamwambia Daudi apande akamjengee Bwana madhabahu mahali pale. Kiwanja cha kupuria huwa mahali pa juu penye upepo, pagumu chini, pasipo na mawe. Mkulima hakipati kwa siku moja. Ni kazi ya baba na babu, kusawazisha na kupondaponda mpaka udongo uwe kama saruji. Ndipo mavuno ya mwaka mzima yanapogeuka kuwa chakula.

Arauna anatazama chini anamwona mfalme anakuja, pamoja na watumishi wake. Anatoka, anainama hadi nchi, anauliza mfalme amekuja kwa nini. Daudi anajibu kwamba amekuja kukinunua kiwanja. Na Arauna, bila kusita, anasema mfalme achukue tu. Achukue kiwanja, achukue na ng'ombe kwa sadaka, na vyombo vya kupuria na nira ziwe kuni. Bure.

Wahubiri wengi humsifu Arauna kwa ukarimu wake, nasi hatuwakatalii. Lakini hebu tujiweke mahali pake. Yeye ni mtu wa taifa lililoshindwa vita. Mji huu ulikuwa wa baba zake, na sasa unaitwa mji wa Daudi. Anayesimama mbele yake ndiye aliyeushinda, na nyuma yake wamepanga mstari watumishi. Arauna angeweza kusema nini? Angeweza kusema hapana? Wapo watu ambao ukarimu wao hauwezi kutengwa na woga wao, wala wao wenyewe hawajui mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Mzee wa kijijini anayeona magari matatu yakisimama mbele ya nyumba yake, na watu wenye makaratasi wakishuka, hutoa kiti, huagiza watoto walete maji, husema karibuni, na akiombwa jambo hujibu, hakuna neno.

Daudi alikuwa na kila sababu ya kupokea. Tauni ilikuwa ikiua, jambo lilikuwa la haraka, lilikuwa la Mungu, lilikuwa kwa faida ya watu wote, na mwenye mali amekubali kwa kinywa chake. Akakataa. Akasema hapana, atanunua kwa thamani yake, wala hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Akapima shekeli hamsini za fedha. (Kitabu cha Mambo ya Nyakati chataja shekeli mia sita za dhahabu, na kumwita mtu yule Ornani. Wengine hueleza kwamba fedha ilikuwa ya kiwanja na ng'ombe, na dhahabu ya eneo zima lililozunguka. Vyovyote iwavyo, vitabu vyote viwili vyakubaliana kwamba Daudi alilipa.) Na mahali hapo ndipo Sulemani alipojenga Hekalu.

Twafahamu kwamba Daudi huyu si malaika. Ni yeye yule aliyemchukua mke wa Uria. Ndiyo maana hadithi hii ina uzito: mtu aliyejua jinsi ilivyo rahisi kwa mfalme kuchukua, siku hii alikataa kuchukua.

Turudi Ugogo. Watu wale wamepitiwa na mengi. Karne ya kumi na tisa misafara ya pembe na ya watumwa ilipita nchi yao ikitafuta maji, na watemi wao wakatoza hongo, wala wazungu waliopita hawakuacha kunung'unika katika vitabu vyao. Sisi hatuoni kosa. Mwenye kisima katika nchi kavu ana haki ya kuulizwa. Katika vita ya kwanza ya dunia majeshi ya pande zote mbili yaliwanyang'anya nafaka na ng'ombe na kuwachukua vijana kuwa wapagazi, ikafuata njaa waliyoiita Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920, na watu wengi mno wakafa. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, wakahamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja nao, na jambo hilo linakumbukwa. Hawajakaa hata miaka mitatu, mwaka 1973 nchi yao ikatangazwa kuwa makao makuu.

Hapo ndipo habari ya thamani inapoingia. Sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 1967 haikutoa fidia kwa ardhi tupu. Ilihesabiwa nyumba, ilihesabiwa mimea na miti uliyopanda, lakini udongo wenyewe, uliolimwa na babu na baba, haukuwa na bei. Tembe ina thamani gani mbele ya mthamini? Ni miti na udongo. Basi wako waliotoka katika kile ambacho leo ni mji mkuu wa nchi na malipo yasiyotosha kujenga tembe nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imebadili jambo hilo: fidia iwe kamili, iwe ya haki, itolewe mapema, na ardhi yenyewe ihesabiwe. Lakini wako waliokuwa wamekwisha kuhama. Wengine walibaki wakivutana na CDA miaka mingi juu ya mipaka na hati, nayo hati waliyopewa wenye viwanja ilikuwa ya miaka 33 wakati kwingineko nchini ni 99. Mamlaka ile ilipovunjwa, malalamiko ya wananchi ya ardhi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani.

Hatusemi haya ili kuulaani mji. La hasha. Tumefurahi kuona hospitali, na Chuo Kikuu kilichoanza mwaka 2007 juu ya vilima, na treni ya umeme inayofika kutoka Dar es Salaam. Hata Wagogo wenyewe wengi wamefaidika, na tukiwaambia warudi katika Dodoma ya zamani watatucheka. Tunachouliza ni jambo moja tu, lile ambalo Daudi alijiuliza: kimelipiwa?

Na sisi watu wa Meru, kati ya watu wote, tusijifanye hatulijui swali hili. Novemba 1951 Serikali ya kikoloni ilikwenda Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima huu tunaouona kila asubuhi, ikawaondoa Wameru wapatao 3,000 ili nchi yao ipewe walowezi wachache wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Waliambiwa wapo pengine pa kwenda, na kwamba mpango huu ni kwa maendeleo ya wote. Kirilo Japhet akatumwa na watu wake, na mwaka 1952 akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kusema habari ya ardhi hiyo. Wazee wetu waliuza kahawa na ng'ombe kuchangia safari ile. Hakuna mtoto wa Meru ambaye hajaisikia habari hii kwa bibi yake. Wameru walipewa maneno mengi ya sheria na mipango, lakini hawakuulizwa, na hilo ndilo lililouma kuliko moto.

Sasa wajukuu wa watu wale wanapanda basi kwenda Dodoma wakiwa na fedha mfukoni. Je, watakuwa nani wakifika? Watakuwa Kirilo, au watakuwa yule mlowezi?

Tunajua jibu litakalotolewa, kwa sababu tumekwisha kulisikia. Mtu husema, mimi sikumnyang'anya mtu. Mzee mwenyewe alitaka kuuza. Bei aliitaja mwenyewe, tena nilimwongezea elfu hamsini akashukuru sana. Naam. Lakini Arauna naye bei aliitaja mwenyewe. Alisema bure. Daudi hakuuliza mwenye mali yuko tayari kupokea nini. Aliuliza kitu hiki kina thamani gani.

Tena yatupasa kuuliza alitaka kuuza lini. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzuri hazipiti sana milimita 600. Mavuno ni Mei na Juni. Januari, Februari na Machi ghala ni tupu na shamba bado ni majani. Dalali anaijua kalenda hiyo kuliko Kasisi anavyoijua kalenda ya Kanisa. Atakuambia uje mwezi wa pili, bei ni nzuri. Nzuri kwa nini? Kwa sababu mwezi wa pili ekari moja yaweza kubadilishwa kwa magunia ya mahindi. Mkristo akinunua kwa bei hiyo hakununua shamba, amenunua njaa ya mtu, na shamba amepewa juu yake kama nyongeza.

Kisha kuna habari ya nani anayeuza. Mara nyingi ni kijana mkubwa, mama yake yuko ndani hajui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuiuza nyumba ya jamaa bila ridhaa ya mkewe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka ugawaji wa ardhi ya kijiji upitie mkutano wa kijiji, si mwenyekiti peke yake chini ya mwembe. Lakini tusiende mbali kwa jambo hili. Tutazame Ilboru, Sekei, Moivaro, Ngaramtoni, hata Tengeru na Usa River. Migomba na kahawa inang'olewa, kihamba kinagawanywa vipande, na mjane anajua kwamba pameuzwa siku anapoona lori limemwaga mchanga mlangoni. Akina mama watatu wamekuja kwetu kwa machozi juu ya jambo hilo tangu Kwaresima, na waliowauza ni watoto wao wenyewe waliopata Kipaimara katika kanisa hili.

Wengine wetu si wanunuzi bali ni watumishi: wapima ardhi, wathamini, makarani wa masijala, madereva wanaosikia mazungumzo ya wakubwa kiti cha nyuma na kujua barabara mpya itapita wapi. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Mthamini Mkristo na afike mwenyewe shambani, auhesabu kila mti, ahesabu na makaburi, na amsomee mwenye shamba karatasi kabla hajatia dole gumba. Jambo hilo ni dogo, na ni ibada.

Kuna kingine ambacho bei haiwezi kukitatua, nacho hatutakaa juu yake sana. Dodoma ni nchi ya zabibu, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila tukipita mashamba yale hatuna budi kumkumbuka Nabothi. Ahabu, tukisema kweli, alitaja bei nzuri: shamba lililo bora kuliko lile, au fedha. Nabothi alikataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Lilikuwa jibu halali, na Ahabu alilijua kuwa halali, ndiyo maana alikwenda kulala akageuza uso ukutani asile chakula. Mwuzaji akisema hapana, basi ni hapana. Usirudi na diwani.

Labda mtu atasema, haya yote ni ya Serikali na ya matajiri, mimi nataka vyumba viwili tu na choo, nifanyeje? Ndugu, hata wewe Bwana amekupa shekeli zako chache za kupima. Nenda mchana, si usiku. Uliza kwa majirani wawili watatu ambao hawana faida katika uuzaji ule ekari yauzwa kiasi gani msimu wa mavuno, na ulipe hiyo. Taka kumwona mke wa mwuzaji na watoto wake, mkae, mnywe uji, majina yote yaandikwe. Uliza kama pana kaburi, na kama lipo acha njia ya kulifikia, na uiandike njia hiyo katika karatasi za mauziano. Jifunze kusema mbukwenyi kabla hujasema kingine chochote. Ukiona mwuzaji ana njaa, mlishe kwanza kama mwanadamu mwenzako, urudi Juni mzungumze habari ya shamba. Pengine atakuwa hataki tena kuuza, nawe utakuwa umepoteza kiwanja. Daudi naye alipoteza shekeli hamsini ambazo hakuna mtu aliyemdai.

Kwa wale wenye barua za uhamisho mwaka huu, tunawakumbusha kupita ofisi ya parishi kabla ya kusafiri wachukue barua ya utambulisho na nakala za vyeti vya ubatizo na Kipaimara, kwa maana wako waliokwenda bila barua, wakakaa miaka miwili bila kujulikana na Kasisi wa huko. Wale waliokwisha kununua na wana wasiwasi kama walinunua kwa haki, wanakaribishwa pia kuzungumza. Hatutauliza jina la kijiji. Wako wawili ambao wamekwisha kurudi kwa wauzaji wao kuongeza walichopunguza, na mmoja wao alisema mzee yule alidhani amekuja kudai fedha zake zirudishwe, akakimbia kujificha zizini. Ilibidi mkewe amwite kwa sauti mara tatu.

Ofisi iko wazi Jumanne na Ijumaa, saa tatu hadi saa sita asubuhi.